Mwambie Chungu, Mkwe Atasikia

Minza Budeba hamtajii mteja bei. Anaitajia bidhaa.

Simama mbele ya kibanda chake pale Mwanjelwa, shika pazia, livute uone kama litachanika. Yeye hatakutazama. Ataligeukia pazia. "Wewe pazia, huyu dada anakupenda ila anaona aibu kusema. Mwambie wenzako walioenda Tukuyu hakuna hata mmoja aliyerudishwa." Mteja anacheka. Akishacheka amekwisha, maana hakuna mtu anayeweza kukasirikia pazia. Atajaribu kutaja bei yake, ile ya kuua, na Minza ataliambia pazia pole: "Umesikia ulivyotukanwa? Vumilia. Bado hajakujua."

Mimi nauza ndoo, mabeseni na sufuria kibanda cha jirani. Ukuta mmoja wa mabati ndio unaotutenga, na mbinu hiyo nimejaribu kuiiba mara nyingi. Kwangu haikukubali. Ndoo haina sura ya kuongea nayo, au ndivyo nilivyodhani.

Alizaliwa bondeni Usangu, kwa watu waliotoka Usukumani na ng'ombe wao wakitafuta majani. Baba yake, Mzee Budeba, alikuwa anamsoma ng'ombe kwa kumtazama akitembea. Minza alimfuata minadani tangu hajaota meno ya pili, akajiokotea somo ambalo baba hakukusudia kumpa: mnunuzi usimwangalie mdomo, mwangalie miguu. Miguu ikigeuka, legeza. Miguu ikibaki palepale, nyamaza. Shule aliishia darasa la saba. Aliolewa Mbalizi, akaanza kuuza mitumba juu ya turubai kando ya barabara, akalowana mvua za huku ambazo hazina adabu. Mume alipofariki hakufunga biashara hata msimu mmoja. Aliacha mashati akahamia mapazia, na nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa ufupi: "Shati mtu analipima mwilini, leo kanenepa kesho kakonda. Dirisha halinenepi."

Huyo ndiye mtu ninayemwandika. Msomaji akitaka mtakatifu aangalie kwingine.

Sasa, kijana wake Shadrack, alipokuwa kidato cha nne, alisoma ile tamthilia ya zamani ya Mtemi na mkwe wake. Waliosoma sekondari enzi zile wengi waliikariri. Shadrack naye aliikariri kwa sauti usiku na mchana, mama akikunja mapazia pembeni. Kijana alifaulu akaisahau. Mama hakusahau.

Kwa asiyeijua, habari yenyewe ni hii. Mtemi ana mtoto mmoja wa kiume. Mshauri mbaya anauficha mkuki wa utemi ndani ya nyumba ya kijana huyo, kisha anamsingizia kwamba anataka kumpindua baba yake. Mtemi anaamuru kijana auawe kukipambazuka. Aliyeona mkuki ukifichwa ni mtu mmoja tu, Tusekile, mke wa huyo kijana. Lakini Tusekile ni mkwe. Kwa mila ya kwao, mkwe hasemi na baba wa mume wake, hamtazami usoni, jina lake halitamki. Basi anakwenda nyuma ya nyumba ya Mtemi, anaweka chungu chini, anaupa ukuta mgongo, anaongea na chungu.

Mwaka juzi kikundi cha maigizo cha Iringa kilialika watoto wa darasa la Jumamosi la kanisa moja pale Mbalizi waende kuiona. Wengi hawakuwa wamewahi kuona jukwaa. Walifundishwa majina ya wahusika, wakapandishwa gari, wakaenda. Ilipofika sehemu ya chungu, mambo yakaharibika. Watoto wa Kinyakyusa waliangua kicheko, kwa sababu kuongea na kitu ili mkwe asikie ni jambo ambalo bibi zao wanalifanya nyumbani kila siku, na mara nyingi ni la kuchekesha. Watoto wa Kisukuma hawakuelewa chochote. Na mmoja wao, Kulwa, mjukuu wa Minza, alisimama akasema kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia: "Huyu mama amechanganyikiwa! Anaongea na chungu!"

Ukumbi ukalipuka. Tusekile wa watu alishindwa kuendelea. Mkuu wa kikundi, Adrian, alitoka nyuma ya jukwaa akawaambia wasirudi tena.

Kulwa alirudi Mbalizi na jina jipya. Shuleni, njiani, bombani: "Amechanganyikiwa." Aliyelianzisha ni Lutengano, kijana wa mtaa wa pili, mdomo wake hauna kufuli. Kulwa aliacha darasa la Jumamosi.

Mambo yalikaa hivyo mpaka Mwalimu Gloria, anayewasimamia hao watoto, alipokuja Mwanjelwa kununua mapazia ya chumba cha mtoto. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshatangulia mbele.

"Mama Shadrack, nipunguzie."

Minza akaligeukia pazia. "Wewe pazia, muulize mwalimu, nikimpunguzia ananipa nini?"

"Nikupe nini mimi? Nina habari tu."

"Leta. Habari nayo ni bidhaa."

Gloria akaeleza. Alikuwa amempigia Adrian simu tena na tena, akamwomba mpaka akachoka, na hatimaye Adrian amekubali kuwapokea mara moja tu. Wakivuruga tena, basi, mlango umefungwa. Na yeye Gloria na hali hiyo hawezi kusafiri, wala hajui la kufanya ili wasicheke.

"Nitawaambia wakae kimya," alisema, "lakini unawajua."

Minza alikuwa bado anakunja. "Ukimwambia mteja asicheke, ananunua?"

"Hanunui."

"Basi. Niachie mimi. Ila Kulwa anaenda, na anakaa mbele."

"Mama Shadrack, Kulwa ndiye waliyemkumbuka kwa jina."

"Ndiyo maana anakaa mbele."

Akampunguzia pazia. Nilishangaa, maana nimeuza naye ukuta mmoja miaka mingi na sijawahi kumwona akilegeza bei wakati miguu ya mteja bado iko palepale.

Jioni ile alinigongea bati. "Baba Ikupa, njoo. Nyie Wanyakyusa hiyo mila yenu ya mkwe mliitengeneza ili iweje? Nieleze kama unaniuzia."

Nikamweleza nilichokiona kwa mama yangu, kule Rungwe. Babu akipita, mama alikuwa anachepuka migombani. Paa la jikoni lilipoanza kuvuja na babu ndiye aliyekuwa na jukumu la nyasi, mama alisimama uani akamfokea kuku: "Wewe kuku, unalala kwenye matope kama huna mwenyewe! Kama ungekuwa na mwenyewe, nyasi zingekuwa zimeshakatwa." Babu alikuwa ndani. Alikohoa. Kesho yake nyasi zikaja.

"Alikohoa?" Minza aliacha kukunja.

"Ndiyo. Hakuwa na kifua. Alikuwa anajibu. Naye haruhusiwi kumjibu, sasa afanyeje?"

"Na kwenye mchezo Mtemi anakohoa. Shadrack alikuwa akifika hapo anasoma tu, 'Mtemi anakohoa,' anaruka. Mimi nilidhani mzee ana baridi." Akacheka mwenyewe. "Kumbe ndio bei imekubaliwa."

"Ndio bei imekubaliwa."

"Kesho kutwa ni Jumamosi. Nikopeshe ndoo."

Nikamkubalia, ila nikaenda na ndoo mwenyewe, maana vitu vyangu huwa siviachi mikononi mwa watoto.

Ukumbini Mbalizi alitundika pazia zito kwenye kamba, akaweka ndoo mbele yake. Watoto wamejaa, wengine wamekaa juu ya meza. Kulwa alikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Bibi yake hakumwita.

"Hatusomi," Minza aliwaambia. "Tunacheza sokoni. Mmoja anakaa nyuma ya pazia, yeye ni baba mkwe. Mwingine anasimama hapa, anampa mgongo, anaongea na ndoo. Unataka kitu, mwambie ndoo. Baba mkwe haruhusiwi kusema neno. Akikubali anakohoa. Akikataa anakaa kimya. Nani anaanza?"

Walianza kwa fujo, kama unavyotegemea. Mmoja alimwambia ndoo kwamba mandazi ya mama Anjela ni matamu na kwamba kuna watu wana hela wanazikalia. Nyuma ya pazia kimya. Wote wakacheka. Mwingine aliomba asamehewe kuchunga Jumapili akacheze mpira. Kikohozi kidogo, halafu kikubwa. Vigelegele. Mtoto wa Kisukuma mmoja akauliza, "Bibi, kwa nini asigeuke tu amwambie?"

"Kwenu, baba yako anamwita mama mkwe wake jina?"

"Hapana! Hata sahani yake haigusi."

"Na akitaka kumwambia kitu?"

Mtoto akafikiri. "Anamwambia mama, halafu mama anamwambia bibi."

"Basi Tusekile hana wa kumtuma. Mume kafungwa. Amebakiwa na chungu."

Wengine waliitazama ndoo kama watu wanaopiga hesabu kichwani. Minza hakuwaacha wapoe.

"Mpaka sasa mmecheka, na mmecheka vizuri. Tusekile mwenyewe anaanza na vichekesho. Anamwambia chungu maji yamepungua kisimani. Anamwambia chungu unga una mchanga. Anapima kama mzee anasikia. Hapo ruksa kucheka. Mara ya tatu anataja mkuki. Mara ya tatu mtu anakufa au anapona. Haya, nani ana jambo la mara ya tatu? Siyo mandazi. Jambo lenyewe."

Hakuna aliyenyanyuka. Nyuma ya pazia alikuwa Lutengano, zamu yake ya ubaba mkwe.

Kulwa akatoka mlangoni. Akaja mpaka kwenye ndoo, akalipa pazia mgongo. Aliongea polepole, Kiswahili chake kikiwa na uzito wa kwao.

"Wewe ndoo. Kuna mtu amenipa jina. Mwaka mzima nimelibeba. Sikuligombea, sikulipiga mawe. Mwambie sasa basi."

Watoto wote wakageuka kulitazama pazia. Halikutikisika. Mimi niliangalia chini yake, kwenye miguu, kama Minza alivyonifundisha bila kujua. Miguu ya Lutengano ilikuwa imebaki palepale.

Akakohoa.

"Ni vumbi!" alisema haraka akitoa kichwa. "Pazia lina vumbi, Bibi!"

"Umekohoa!" Wote walimrukia. "Umeshakubali! Umekohoa, gwe!"

"Pazia langu halina vumbi," Minza alisema, akaanza kulikunja. Na mimi nikachukua ndoo yangu. Tangu siku ile, jina lile halijasikika tena Mbalizi.

Gari la kwenda Iringa nililitafuta mimi, na dereva alijuta kunifahamu. Tulilala hosteli ya kanisa. Asubuhi Minza alinivuta tukaangalie ukumbi kabla watoto hawajafika, maana yeye halali kwenye nyumba ambayo hajaona mlango wa nyuma.

Adrian tulimkuta akipanga viti. Mrefu, mwembamba, mtu wa haraka. Alitusalimia kwa heshima: "Shikamoo mama, shikamoo mzee." Kisha akasema, kama mtu anayeleta habari njema: "Msiwe na wasiwasi. Kicheko cha safari ile nimekiondoa. Nimeondoa chungu."

"Umeondoa chungu?"

"Tusekile sasa anaingia, anaongea na Mtemi uso kwa uso. Ni haraka, inaeleweka. Watoto wa siku hizi hawajui hayo mambo ya mila."

Nilimwangalia Minza. Nilijua kilichokuwa kinampita kichwani. Watoto thelathini na kitu waliofundishwa kwamba mkwe hawezi kumtazama baba mkwe, leo wamwone Tusekile akimkodolea macho Mtemi. Wangepiga kelele za mshangao mpaka paa linyanyuke. Na mlango ungefungwa kwa sababu wameelewa. Kulwa angerudi na jina lingine.

Angeweza kubishana. Mimi ningebishana. Yeye aliangaza pembeni, akakiona chungu kimewekwa kwenye kona nyuma ya jukwaa, kimejazwa misumari na gundi. Akaenda akachuchumaa mbele yake, akampa Adrian mgongo.

"Wewe chungu, pole. Wamekuachisha kazi na kosa hujafanya."

Adrian akatazama huku na huku. "Mama?"

"Mwambie kaka Adrian, wale watoto walicheka kwa sababu waliuziwa mzigo uliofungwa. Sasa wameufungua, wameushika, wanaujua. Mwambie mara ya kwanza watacheka. Mara ya pili watacheka. Mara ya tatu, akisikia sauti ya mtoto wangu mmoja kabla Mtemi hajakohoa, tunatoka wenyewe kwa miguu yetu na hatutamsumbua tena. Lakini akimpeleka Tusekile uso kwa uso na mkwe, mwambie auze na mkuki wenyewe, maana hana tena mchezo."

Adrian akacheka. Hakutaka, lakini alicheka, mkono mdomoni. Mimi nilikuwa natazama viatu vyake. Havikugeuka.

"Kabla ya kikohozi?" aliuliza.

"Mwambie, chungu, kabla ya kikohozi. Baada ya hapo siahidi."

Adrian alikitazama chungu. Akaita mtu aje atoe misumari.

Mchana ukumbi ulijaa. Mbele kabisa walikaa wetu, Kulwa katikati, Lutengano kushoto kwake. Minza alikaa ukutani, nami karibu yake. Adrian alisimama kwenye pembe ya jukwaa ambapo alidhani hatumwoni.

Tusekile akaingia na chungu. Akakiweka chini. Akaupa ukuta mgongo. "Wewe chungu, mbona una kiu na kisima kipo?" Watoto wetu wakacheka, kicheko cha watu wanaojua. "Wewe chungu, unga wa nyumba hii una mchanga, au ni meno yangu?" Wakacheka tena, na watu wazima nyuma wakacheka kwa sababu watoto wamecheka. Adrian alikuwa ameshika pazia la jukwaa kwa mikono miwili.

Tusekile akapiga magoti. "Wewe chungu."

Kimya. Lakini nikaona mabega ya Lutengano yanaanza kutikisika. Kuna watoto ambao kicheko kikishaingia hakijui njia ya kutokea. Nikajisemea, kwisha, mzigo umemwagika. Minza hakusogea. Kulwa naye hakugeuza hata shingo; aliunyanyua mguu wake akaushusha juu ya mguu wa Lutengano, akauacha hapohapo na uzito wote. Mabega yakatulia.

"Wewe chungu," Tusekile alisema, "mkuki unaotafutwa niliuona ukiingia nyumbani kwetu jioni, mikononi mwa mtu anayekula sahani moja na mwenye nyumba hii. Mimi sina mdomo. Wewe una mdomo mpana. Sema."

Akanyamaza. Upande wa pili wa ukuta, Mtemi alikaa juu ya kigoda, mzee wa watu aliyecheza vizuri, hatazami popote. Alikaa. Aliendelea kukaa. Watu wa nyuma walianza kunong'ona wakidhani amesahau maneno. Watoto wetu hawakunong'ona. Walikuwa wameinama mbele wote, kama watu wanaomsubiri mnunuzi aweke mkono mfukoni.

Mtemi akakohoa.

"Amesikia!" Kulwa alikuwa wima. Sauti ile ile, ukumbi ule ule. "Amesikia!"

Na safu nzima ya mbele ikaruka, makofi, vigelegele, Lutengano akipiga miluzi huku amesimama kwa mguu mmoja, ule ambao haukukanyagwa. Watu wazima walichelewa kidogo, wakatazamana, wakaulizana kilichotokea, halafu na wao wakaanza kupiga makofi. Tusekile alibaki amepiga magoti akisubiri wamalize, na nilimwona akiuma midomo asitabasamu.

Mchezo ulipoisha Adrian alitufuata nje. "Mama, ni yule yule wa safari ile. Yule yule! Amepiga kelele."

"Kabla au baada?"

"Baada."

"Biashara ikishafungwa, kelele ruksa."

Adrian akashusha pumzi. Mwigizaji mmoja alikuwa anapita amebeba chungu kurudisha stoo. Minza akamsimamisha, akakiinamia chungu.

"Wewe chungu, mwambie kaka Adrian mwakani tunakuja na wengi zaidi. Na mbele ni pale pale."

Adrian alitazama pembeni, kwenye magari. Akaweka ngumi mdomoni. Akakohoa.

Nikamsogelea Minza nikamnong'oneza aombe na chakula cha mchana cha watoto, maana kikohozi kikishatoka ndio wakati wa kuongeza. Akakataa. "Baba Ikupa," alisema, akianza kuwahesabu watoto waingie garini, "mnunuzi aliyeridhika usimguse. Mfungulie njia aende."